Mlingoti na Ruhusa: Antena ya Wima katika Pwani ya Tanga

Reli, bandari na mkonge vimeandikiwa kurasa nyingi katika historia ya pwani ya kaskazini ya Tanzania, ilhali mlingoti wa redio hutajwa kwa kupita tu, ingawa kila serikali iliyoitawala pwani hiyo tangu mwanzo wa karne ya ishirini imeuangalia kwa jicho la tahadhari. Aina moja ya mlingoti inastahili kuchunguzwa peke yake, nayo ni antena ya wima, yaani bomba au waya uliosimamishwa wima juu ya ardhi, unaotumiwa na wanaredio wa ridhaa. Wanaredio hao ni watu waliopewa leseni ya kurusha na kupokea mawimbi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kuzungumza na wenzao wa nchi nyingine, bila malipo wala biashara. Bahari, joto na viwanja vidogo vya mjini viliifanya Tanga iwe mahali panapoifaa antena hiyo tangu awali. Lakini nani aisimamishe, na lini, ni jambo lililoamuliwa na ruhusa kuliko maumbile.

Asili ya antena ya wima ni majaribio ya Guglielmo Marconi nchini Italia mwaka 1895, alipoona kwamba ishara zilifika mbali zaidi pale ncha moja ya mtambo wake ilipoinuliwa hewani na nyingine ikaunganishwa na ardhi. Urefu wake hufuata robo ya wimbi linalorushwa. Kwa masafa ya megahezi 14.2, ambayo wanaredio huyaita mita 20 kwa sababu huo ndio urefu wa wimbi lake kwa makadirio, bomba la mita 5 linatosha. Kwa megahezi 7.1 huhitajika mita 10, na kwa megahezi 3.6 karibu mita 20. Bomba hilo ni nusu tu ya antena, kwani nusu ya pili ni ardhi iliyo chini yake, na ardhi ikiwa haipitishi umeme vizuri, nguvu nyingi ya mtambo hupotelea katika kuupasha udongo joto. Mwaka 1937 wahandisi watatu wa kampuni ya RCA ya Marekani, Brown, Lewis na Epstein, walichapisha vipimo vilivyothibitisha manufaa ya kutandaza nyaya nyingi kuanzia kitako cha mlingoti, na hadi leo vituo vya utangazaji wa masafa ya kati hufukia nyaya 120 kuuzunguka mlingoti mmoja.

Sifa nyingine ya antena hii ndiyo yenye uzito zaidi katika historia. Mawimbi yake hutoka chini chini, karibu na upeo wa macho, yakapinda katika ayonosfia, tabaka la hewa yenye chembe za umeme lililo kilomita mia moja na zaidi juu ya dunia, kisha yakatua maelfu ya kilomita kutoka yalikoanzia. Hivyo humfikia msikilizaji wa Ulaya, Japani au Brazili, na humruka aliye Lushoto au Handeni. Waya uliolazwa kati ya miti miwili, mita chache kutoka ardhini, hufanya kinyume chake: hurusha mawimbi juu utosini, nayo hurudi na kuenea katika eneo la kilomita mia chache. Ndiyo sababu waya wa kulala ulitosha kwa redio za upepo zilizounganisha hospitali za misheni na Madaktari Warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, huku bomba la wima likiwafaa zaidi waliotaka kuongea na ughaibuni. Antena iliyompita jirani ikaenda kwa mgeni haikuweza kukosa kuzitia serikali wasiwasi.

Mawasiliano ya umeme yalifika pwani hii kwa kebo za baharini kabla ya mlingoti wowote kusimama. Kebo ya Aden ilifika Unguja mwaka 1879, na mwaka 1890 Bagamoyo na Dar es Salaam nazo zikaunganishwa na Unguja. Utawala wa Wajerumani ulijenga vituo vya simu ya upepo Mwanza na Bukoba mwaka 1911 na kingine Dar es Salaam mwaka 1913, lakini Tanga, pamoja na bandari yake na reli yake ya Usambara, iliachwa itegemee nyaya za simu zilizopita juu ya nguzo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, shabaha ya kwanza ya Waingereza katika koloni hilo ilikuwa mlingoti: tarehe 8 Agosti 1914, siku nne tu baada ya Uingereza kutangaza vita, manowari Astraea iliishambulia Dar es Salaam ikikilenga kituo cha simu ya upepo. Mapigano ya Tanga yalifuata miezi mitatu baadaye. Mwaka 1915 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, iliangamizwa kwa mizinga iliyoelekezwa na ndege zilizorusha ishara za redio kutoka angani. Baada ya hayo, hakuna ofisa wa kikoloni aliyehitaji kuelezwa thamani ya waya unaozungumza.

Wakati huohuo, katika nchi nyingine, raia wa kawaida walikuwa wakiingia katika ulingo wa redio kwa gharama zao. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwasukuma wanaredio wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 na mafupi zaidi, yaliyodhaniwa kuwa hayana faida, nao wakayafanyia majaribio mpaka Novemba 1923, ambapo Mfaransa Léon Deloy aliongea na Wamarekani Fred Schnell na John Reinartz kuvuka Atlantiki kwa wimbi la mita 110 hivi. Mkutano wa kimataifa wa Washington wa mwaka 1927 ukawatengea rasmi mikanda ya mita 160, 80, 40, 20 na 10. Katika himaya ya Uingereza alama za wito, yaani majina ya vituo hewani, zilipangwa kwa makoloni: VQ1 ikawa ya Zanzibar, VQ3 ya Tanganyika, VQ4 ya Kenya na VQ5 ya Uganda. Mpango huo uliiacha pwani moja ya Waswahili, toka Lamu hadi Kilwa, ikiwa na majina matatu hewani. Leseni ilihitaji fedha za mtambo ulioagizwa ng'ambo, umeme wa uhakika na ujuzi wa msimbo wa Morse; katika mji uliogawanywa kwa rangi, masharti hayo yalitosha kuuweka mlingoti upande wa Raskazone, mtaa wa Wazungu kando ya bahari, na mbali na mitaa ya Waafrika, hata pasipo sheria kutamka hivyo.

Uhuru ulibadili alama, ukabakiza tahadhari. Tanganyika ilipata kiambishi cha 5H, na wengi wa wanaredio wa bara wakatumia 5H3 huku 5H1 ikibaki ya visiwani. Jinsi antena ilivyoweza kuzua shaka ilidhihirika Tunguu, Unguja, ambako Marekani iliweka kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury; wapinzani wake walikiona kuwa kambi ya kijeshi, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo hicho kilifungwa mnamo Aprili mwaka huohuo. Wanaredio wa dunia, kwa upande wao, walikuwa wazito kuitambua siasa. Orodha ya DXCC, ambayo chama cha wanaredio cha Marekani huitumia kuhesabu nchi ambazo mtu amewasiliana nazo, iliendelea kuihesabu Zanzibar kuwa nchi ya peke yake hadi tarehe 31 Mei 1974, miaka kumi na zaidi ya mwezi mmoja baada ya Muungano. Hadi leo kadi ya uthibitisho kutoka Unguja yenye tarehe ya kabla ya hapo ina thamani ambayo kadi ya siku iliyofuata haina.

Makorora, kata iliyo ndani ya mji wa Tanga na si ufukweni, inaonyesha vizuri hesabu anayopaswa kuipiga mwenye antena ya wima. Uwanja wa nyuma ya nyumba ni mdogo, una kamba za nguo, kuku na pengine mpapai, kwa hiyo waya wa kulala wa mita 20 hauna pa kupita, ilhali bomba la alumini la mita 5 linahitaji nafasi ya kitako chake tu na kamba tatu za nailoni za kulishikilia. Kitako hutenganishwa na ardhi kwa kipande cha bomba la plastiki, kwa sababu kikigusana na udongo umeme wa mtambo huishia hapo. Nyaya za shaba hutawanywa chini ya mchanga kama njiti za mwavuli, na ndizo zinazoliwa mwanzo, ama na kutu ya chumvi, ama na jembe, ama na mwizi anayejua bei ya shaba. Bati la nyumba linaweza kufanya kazi ya ardhi endapo vipande vyake vimeungana vizuri. Lakini pale kutu inapojaa kati ya bati na bati, kiungo hicho huyachanganya mawimbi na kuzalisha kelele katika redio za majirani, ambao humlaumu mwenye mlingoti wakati kosa ni la paa. Masika nayo huja na radi, na mlingoti usiokuwa na waya madhubuti wa ethi, yaani waya wa kuupeleka umeme ardhini, ni hatari kwa nyumba nzima.

Faida kubwa ya pwani iko kwenye maji yenyewe, maana maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko udongo wowote na huyaacha mawimbi ya chini chini yasafiri bila kunyonywa. Kundi la wanaredio wa Marekani lililojiita Team Vertical lilikwenda Jamaica mwaka 1998, likasimamisha antena za wima ufukweni na kupata matokeo yaliyowashangaza wenye minara mirefu ya bara. Hata hivyo faida hiyo hupungua upesi mtu anapouacha mstari wa maji. Antena ya mita 5 iliyo Raskazone, miguuni pa bahari, itaishinda ndugu yake ya Makorora, ambayo hulazimika kutegemea nyaya zake za mchangani. Na anayeamini kwamba kuishi Tanga kunatosha kumpa manufaa ya bahari anajidanganya.

Mwaka 2003 ulilegeza mambo kwa pande mbili. Mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya redio uliondoa ulazima wa mtihani wa Morse kwa mikanda iliyo chini ya megahezi 30, na Tanzania ikapitisha sheria ya kuunda Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo ndiyo inayotoa leseni za redio ya ridhaa. Jambo la haraka kwa sasa ni kumbukumbu. Mwanaredio kwa desturi huandika katika daftari tarehe, saa, masafa na alama ya wito ya kila aliyeongea naye, na hubadilishana naye kadi. Karatasi hizo ni ushahidi wa nani alisimamisha mlingoti pwani hii na katika miaka gani. Familia za Tanga zenye madaftari au kadi za VQ3 na 5H3 zinaombwa zisizichome wala kuziacha ziliwe na mchwa, bali zizipeleke katika Makumbusho ya Urithi yaliyomo katika Boma la zamani mjini Tanga au katika Nyaraka za Taifa.