Aliyekata Simu na Aliyerudia

Mwaka 1917, A.K. Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen alitoa hesabu za foleni zinazotumika hadi leo. Lakini mteja wake wa kwenye karatasi, laini zikijaa, ama aliondoka papo hapo ama alisubiri bila kuchoka. Unamjua mtu kama huyo? Miaka ya 1940, Mswidi Conny Palm ndiye aliyemwingiza mtu wa kweli: anasubiri kidogo, anachoka, anakata. Na kumbe huyo si mbaya. Anawapunguzia foleni waliobaki.

Redio ikageuza mambo. Juni 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kuunganisha watumiaji na kompyuta kuu kwa chaneli moja ya pamoja. Foleni hakuna: ukiwa na ujumbe, tuma. Jumbe mbili zikigongana, zote zinaharibika. Hapa asiye na subira haondoki, anarudia, na mkirudia wote mara moja mnagongana tena. Kwa hivyo kila mashine ilisubiri muda wa kubahatisha kabla ya kujaribu upya. Hata hivyo, kihesabu, chaneli kama hiyo haipitishi zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Watumaji wakizidi, kinachopita kinapungua. WiFi ya ploti yenu bado hubahatisha hivyo hivyo, vyumba vyote vikiwa hewani saa mbili usiku.