Jumapili Mbili za Kinshasa

Watu wengi huuliza: je, raia waweza kudai haki yao barabarani bila kuleta fujo? Historia ya mji wetu mkuu yatujibu kwa Jumapili mbili.

Ya kwanza ni tarehe 4 Januari 1959. Wakati ule mji uliitwa Léopoldville. Chama cha Abako kilikuwa kimewaita watu mkutanoni. Serikali ya Wabelgiji haikutoa ruhusa, mkutano ukaahirishwa, lakini watu walikuwa wamekwisha kuja. Bwana Kasavubu akawaomba warudi kwao kwa amani. Wengine wakakataa. Saa zile watazamaji wa mpira walikuwa wakitoka uwanjani, wakajiunga na umati. Mawe yakarushwa, maduka yakavunjwa na kuchomwa, hata misioni na mashule hayakusalimika. Askari wa Force Publique wakapiga risasi. Serikali ilihesabu wafu karibu 50; wengine husema walizidi sana.

Wako wasemao kwamba ghasia zile ndizo zilizoleta uhuru. Kweli, tarehe 13 Januari 1959 Mfalme Baudouin aliahidi uhuru. Lakini tangu mwaka 1958 kamati ya serikali ilikuwa imeanza kulichunguza jambo hilo. Na waliozikwa walikuwa hasa watu wa mitaa ileile. Umati usio na kiongozi ni kama moto wa nyika: hauchagui nyumba.

Jumapili ya pili ni tarehe 16 Februari 1992. Mkutano Mkuu wa Taifa, ambao Askofu Mkuu Monsengwo alikuwa mwenyekiti wake, ulikuwa umefungwa na serikali mwezi wa Januari. Wakristu walei wakaamua kuandamana baada ya Misa ili ufunguliwe tena. Tukumbuke kwamba mwezi wa Septemba 1991 mji huohuo uliporwa na askari na raia pamoja. Safari hii watu walitoka makanisani wakiimba, mikononi wakishika rozari, Biblia, mishumaa na matawi. Serikali ilikuwa imekataza maandamano hayo. Askari wakapiga risasi, na zaidi ya watu 10 wakafa. Wengine wahesabu wengi kuliko hao.

Basi, utulivu ule ulikuwa wa bure? Hapana. Tusidanganyane: mikono mitupu haizuii risasi. Lakini mkosaji alionekana wazi mbele ya ulimwengu wote. Hakuna aliyeweza kusema kwamba wenye rozari walikuja kuiba. Na tarehe 6 Aprili 1992 Mkutano ukafunguliwa tena.

Tofauti ya siku hizo mbili haikuwa ujasiri, maana ulikuwapo pote pawili. Tofauti ilikuwa matayarisho. Mwaka 1992 watu walijua kabla ya kutoka wanataka nini, watapita wapi, na watashika nini. Nasi tuige hivi.

Kwanza, usiende peke yako. Nenda na watu wa mtaa wako mnaojuana, na nyumbani wajue uliko. Pili, usichukue kitu kinachofanana na silaha, hata fimbo. Tatu, wawepo wazee wenye alama inayoonekana. Hao ndio waseme na mkuu wa askari, kwa sauti ya chini na kwa heshima. Nne, msiwazunguke askari wala kuwazibia njia, kwani mtu mwenye bunduki akiogopa hupiga upesi. Tano, akitokea mwenye kurusha jiwe, msibishane naye: kaeni chini ninyi wote, naye abaki amesimama peke yake. Sita, jueni mapema njia ya kurudi. Risasi zikianza, kazi ya siku hiyo imekwisha. Okoeni watoto, wazee na majeruhi.

Bwana wetu, alipokamatwa bustanini, alimwamuru Petro kurudisha upanga alani. Hakunyamaza kwa ajili hiyo. Mbele ya Pilato alisema ukweli. Wahenga nao walituachia maneno mawili tu: hasira, hasara. Mwenye haki asiitupe haki yake pamoja na jiwe.