Jina Mbele, Jiwe Nyuma: Magari, Ujana na Imani ya Kweli katika Historia ya Singida

1. Utangulizi

Mwandishi wa Zaburi ya 20 anayaweka mambo mawili yakabiliane. Upande mmoja wako watu wanaotegemea magari na farasi, upande wa pili wako wale wanaolitaja jina la Bwana, Mungu wao (mst. 7). Yeye alikuwa akisema juu ya magari ya vita. Lakini msomaji wa Kiswahili anapolikuta neno hilo katika Biblia yake, kinachomjia akilini ni gari analolijua, lenye injini na magurudumu ya mpira. Sisi tuliokulia mkoani Singida tuliisoma Zaburi hiyo tulipokuwa vijana, wala hatukutambua kwamba tulikuwa tumekwisha kuipatia njia ya mkato. Hatukuchagua kati ya gari na jina la Bwana. Tulilichukua jina, tukaliandika juu ya gari.

Katika makala hii tunakusudia kwanza kuitazama kwa kifupi historia ya gari katika Kanisa na jamii ya Singida. Kisha tutakumbuka mambo tuliyoyatenda sisi wenyewe kandokando ya barabara, ili tupate kuuliza swali moja: imani ya kweli ya Kikristo hujulikana kwa nini? Swali hilo ni la kale, nalo limekwisha kujibiwa na walimu wakubwa kuliko sisi. Hata hivyo, ni swali ambalo mtu hawezi kulifundisha vema asipoanza na nafsi yake.

2. Gari na Injili katika Iramba na Unyaturu

Injili haikufika Singida kwa gari. Wamisionari wa Leipzig, walioanza kazi Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, walifika kwa safari za miguu, na mizigo yao ilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi. Vita ilipowaondoa, mbegu iliyopandwa ilibaki mikononi mwa Wakristo wachache wenyeji. Katika miaka ya 1920 Misioni ya Augustana kutoka Marekani iliipokea kazi hiyo. Wamisionari hao walitoka katika nchi ambako gari lilikuwa limekwisha kuwa chombo cha mkulima wa kawaida, nao hawakuona ajabu kulitumia katika kazi ya Bwana.

Vita Kuu ya Pili ilipotokea, na wamisionari wa Kijerumani kuwekwa kizuizini, Augustana ilibeba dhamana ya misioni za Kijerumani zilizoachwa yatima katika Tanganyika. Watenda kazi walikuwa wachache na nchi ni kubwa. Kazi ya namna hiyo ilidai vyombo vya moto. Tangu wakati huo, katika fikira za watu wengi wa kwetu, gari na misioni vilikuwa kama kitu kimoja. Mlio wa injini ulimaanisha dawa, vitabu na habari za mbali. Lakini tusisahau kwamba waliowafundisha babu zetu Amri Kumi na Sala ya Bwana, mtaa kwa mtaa, walikuwa wainjilisti wenyeji, nao walikwenda kwa miguu, na waliobahatika kwa baiskeli. Majina yao hayakuandikwa juu ya chombo chochote.

Makanisa saba yalipoungana mwaka 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, nchi ilikuwa imekwisha kupata Uhuru, na gari lilikuwa limepata maana mpya. Katika Afrika Mashariki yote watu walianza kuwaita wakubwa wapya "wabenzi", kwa ajili ya magari yao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijaribu kuwarudisha viongozi karibu na wananchi. Kisha ukaja uhaba. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, na vita vya Kagera vya 1978–1979 vikaongeza dhiki. Katika miaka hiyo magari ya watu binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili alasiri bila kibali. Wazee wetu walisimulia jinsi barabara zilivyonyamaza siku ya Bwana, si kwa sababu ya uchaji, bali kwa sababu ya ukosefu wa petroli.

Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 1984, Serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Magari yaliyotumika yakaanza kuingia kwa wingi. Mfanyabiashara wa vitunguu au alizeti, ambaye jana alisubiri lori la shirika la umma, leo aliweza kuwa na lori lake. Sisi tuliingia katika ujana wetu wakati huo, nasi tuliyapenda magari kuliko tulivyoweza kuungama.

3. Maandishi ya Magari

Gari la mtu binafsi halikukaa bila maneno. Kama vile kanga ilivyo na jina lake, ndivyo lori na basi lilivyopewa usemi wake, ukaandikwa kwa rangi juu ya kioo cha mbele au nyuma kwenye bodi. Maneno mengine yalikuwa methali, mengine majivuno, mengine majibu kwa jirani mwenye kijicho. Mengi yalikuwa maneno ya dini. Waislamu waliandika ya kwao, Wakristo ya kwao, na jambo hili halikuwa la Singida tu, maana wasafiri wa Kenya na Uganda wanalijua pia.

Mwenye elimu anaweza kuyacheka maandishi hayo. Sisi hatushauri hivyo. Dereva aliyepanda mlima usiku, mwenye breki zisizoaminika na tairi lililokwisha kuzibwa mara nyingi, alikuwa karibu na mauti kuliko mhubiri katika mimbari yake. Alipoandika jina la Yesu juu ya kioo, mara nyingi alikuwa akiomba.

Vijana wa rika letu tuliyajua malori kwa misemo yake, si kwa namba zake. Tulikaa stendi jioni, tukisikia mngurumo kutoka mbali na kushindana nani atalitambua gari kabla halijatokea. Tulichora malori katika madaftari ya mafundisho ya kipaimara. Jumamosi tulifika darasani tumechelewa, nguo zinanuka dizeli, na mwalimu akituuliza Amri ya Pili tuliijibu kwa haraka ili tupate kuondoka. Tulijua kwa moyo kwamba jina la Mungu halitajwi bure. Tulikuwa hatujui kwamba swali hilo linahusu lori.

4. Mlima Sekenke

Msomaji aliyepita barabara ya Singida kwenda Nzega anaujua mlima Sekenke, wilayani Iramba. Jina lake ni maarufu kwa ajili ya mgodi wa dhahabu uliochimbwa tangu enzi za Wajerumani. Kwa watu wa malori jina hilo lilikuwa na maana nyingine. Kabla ya lami kufika katika miaka ya 2000, lori lililotoka Shelui na mzigo lilipanda pale kwa gia ya kwanza, na utingo alitembea nyuma yake kwa miguu akiwa na jiwe au gogo mkononi. Injini ikizidiwa, aliruka na kulisukuma jiwe nyuma ya gurudumu, lori lisirudi bondeni. Kazi hiyo ilihitaji ujasiri, nasi tuliitamani sana.

Likizo moja, katikati ya miaka ya 1990, tuliruhusiwa kufuata lori la tajiri mmoja aliyekuwa Mkristo mwenzetu. Juu ya kioo, kwa rangi nyekundu na ya dhahabu, palikuwa na jina la Mwokozi. Tulikuwa tukirudi na mpunga kutoka Igunga. Usiku lori lilisimama mara tatu mlimani, na mara tatu tuliweka mawe. Mara ya tatu injini iliposhika, dereva hakutaka kupoteza nguvu. Alipiga honi, tukakimbia, tukadandia nyuma tukicheka, na tulipofika juu tulianza kuimba wimbo wa kwaya. Mawe yalibaki barabarani. Tuliyaona yakibaki.

Baada ya siku mbili tulisikia stendi kwamba mtu mmoja, aliyekuwa akiteremka kwa baiskeli alfajiri, aligonga jiwe mahali pale akavunjika paja. Huenda lilikuwa jiwe letu. Huenda lilikuwa la lori jingine, maana si sisi peke yetu tuliofanya hivyo. Hatukuuliza lilikuwa upande gani wa barabara, wala mtu huyo ni wa kijiji gani, wala nani analima shamba lake mwaka ule. Mwaka huohuo tulisimama mbele ya madhabahu, tukaikiri imani kwa sauti kuu na kuwekewa mikono.

Muda si mrefu baadaye tulipanda mlima uleule katika lori la dereva mzee, Mwislamu. Juu ya kioo chake hapakuwa na neno lolote. Lori liliposimama, utingo wake aliweka jiwe kama kawaida. Injini iliposhika, mzee hakuondoka. Alikanyaga breki, akatoa kichwa dirishani na kusema, "Toa jiwe, mwanangu. Nyuma yetu kuna watu." Kisha akapanda. Hakuongeza neno, nasi hatujalisahau.

5. Jina Lililotakaswa

Mwanafunzi wa theolojia atatuuliza kwa haki: je, hapa hatufundishi wokovu kwa matendo? Hapana. Jiwe lililoondolewa halimhesabii mtu haki mbele za Mungu. Lakini Martin Luther mwenyewe, katika dibaji yake ya Waraka kwa Warumi ya mwaka 1522, anaieleza imani kuwa kitu chenye uhai na shughuli, ambacho hakiwezi kukaa bila kutenda mema. Katika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo cha mwaka 1520 anafundisha kwamba yeye aliyewekwa huru na Kristo hana tena haja ya kutenda kwa ajili ya nafsi yake, hivyo mikono yake imebaki wazi kwa ajili ya jirani. Mtume Yakobo hasemi jambo jingine (Yak. 2:14–17). Barabara ilitufundisha nyongeza moja: jirani si yule tu tunayemwona mbele yetu amelala njiani. Jirani ni pia yule anayekuja nyuma, gizani, tusiyemwona na asiyetujua.

Tukiirudia Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, tunaona kwamba ombi la kwanza la Sala ya Bwana limeelezwa kwa mambo mawili. Jina la Mungu hutakaswa kwetu Neno linapofundishwa kwa usafi, na tena watoto wa Mungu wanapoishi maisha matakatifu kulingana na Neno hilo. Katika vyuo vyetu tumelishika sana jambo la kwanza, na ni vema. La pili tumeliachia mahubiri ya Jumapili. Dietrich Bonhoeffer, katika kitabu chake juu ya kumfuata Kristo kilichotoka mwaka 1937, aliliita jambo hilo neema iliyouzwa rahisi: msamaha unaohubiriwa bila toba. Ndugu wa Uamsho, ulioanza Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea hadi kwa Walutheri wa nchi hii, walilijua hilo bila kusoma Kijerumani. Aliyeguswa alitubu, na aliyeiba alirudisha.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 8 tunasoma habari za gari jingine, la mkuu wa Kushi. Luka hasemi kwamba liliandikwa chochote. Ndani yake palikuwa na kitabu kilichofunguliwa na mtu asiyeona haya kuuliza. Imani ilipomfikia, tendo lake la kwanza lilikuwa kuamuru gari lisimame, na la pili kuteremka (mst. 38). Sisi usiku ule tuliimba, lakini hatukulisimamisha gari.

6. Hitimisho

Wengi wenu mtakaokuwa wachungaji mtaitwa kubariki magari mapya na pikipiki za vijana wa bodaboda. Msikatae. Ila kabla ya sala ulizeni, kwa upole, maswali ambayo sisi hatukuulizwa: breki zinashika? Utingo analipwa? Mzigo umenunuliwa kwa gunia halali au kwa lumbesa? Na ninyi wenyewe, mtakapopewa gari na usharika, kumbukeni yule mama mzee mwenye ndoo kichwani anayelifunika vumbi lenu. Yeye husoma maandishi ya mbele kwa muda mfupi tu. Anachobaki nacho ni kile ambacho gari limekiacha nyuma.

Sisi hatukumpata yule mtu wa baiskeli. Tulipokwisha kubarikiwa kuwa mchungaji, tulikwenda Shelui kuuliza, lakini miaka ilikuwa imepita na hakuna aliyeweza kutuonyesha nyumba yake. Tulipanda mlima kwa miguu siku ile. Kulikuwa na mawe matatu barabarani, yaliyoachwa na lori la usiku. Tuliyaondoa, tukayaweka kando, tukaendelea na safari.