Gofu la Hiroshima

Wazee wetu walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mwenye nyumba aijua maana ya maneno hayo. Lakini katika mji wa Hiroshima, nchi ya Japani, liko jengo moja ambalo nyufa zake huzibwa kwa uangalifu mwingi, kusudi kuta zake zisijengwe upya kamwe. Mafundi hulitunza lisipone wala lisianguke. Msomaji atauliza, Je, ni akili gani kumtibu mgonjwa ili abaki na jeraha lake? Nami nataka kueleza sababu yake.

Jengo hilo lilimalizika mwaka 1915. Aliyechora ramani yake ni Jan Letzel, mtu wa Bohemia katika Ulaya. Kazi yake ilikuwa ya amani kabisa: ilikuwa nyumba ya maonyesho, ambamo bidhaa za jimbo la Hiroshima ziliwekwa zipate kutazamwa na kuuzwa. Lilikuwa na orofa tatu, na juu katikati lilikuwa na kuba lililofunikwa kwa shaba. Tena lilisimama kando ya mto Motoyasu, na katika mji wenye nyumba nyingi za mbao, wenyeji walijivunia. Vita vilipozidi, maonyesho yakakoma, na vyumba vyake vikawa ofisi za serikali.

Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo, eropleni ya Kimarekani iliangusha bomu moja juu ya mji ule. Lilikuwa bomu la atomiki, la kwanza kutumiwa vitani. Nguvu yake ilitoka katika madini ya urani, na sehemu kubwa ya urani waliyoitumia Wamarekani katika kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ya Kongo. Basi asiseme mtu kwamba habari hii ni ya mbali isiyotuhusu. Udongo wa Afrika ulichukuliwa, na waliouchimba hawakuambiwa utafanya nini.

Bomu lililipuka angani, karibu futi 2,000 juu ya ardhi, wala halikuwa mbali na nyumba ile ya maonyesho. Ukipima kwa chini ni kama futi 500 tu. Waliokuwa ndani walikufa wote mara moja. Lakini kuta kadhaa zilibaki zimesimama. Sababu ni kwamba kishindo kilishuka karibu wima, kutoka juu kwenda chini. Kama kingalikuja kwa ubavu, kingaliziangusha zote. Shaba ya kuba iliyeyuka, ikabaki mifupa ya chuma tu, nayo yaonekana hata leo. Pande zote mji ulikuwa majivu. Yakadiriwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa, wengine kwa moto, wengine kwa ugonjwa ulioletwa na miali ya bomu.

Vita vilipokwisha, watu wakaanza kuujenga mji wao, na hapo likatokea shauri gumu. Wengine walisema, Gofu hili libomolewe. Kila siku tupitapo twawakumbuka watoto wetu waliokufa. Kwa nini tufungwe na uchungu huu mpaka kufa? Wengine wakajibu, Likiondolewa, watakaozaliwa baadaye hawatasadiki yaliyotupata. Wasomaji, msiwadharau wale wa kwanza. Hawakuwa watu wa kusahau. Walikuwa watu waliolemewa na kukumbuka. Kwa miaka mingi baraza la mji halikukata shauri, na majani yakaota katika nyufa.

Walioanza kulisukuma jambo hili hawakuwa wakubwa, bali watoto. Alikuwako msichana aliyekuwa mtoto mchanga siku ile ya bomu. Alikua kama wenzake, kisha mwaka 1960 akafa kwa ugonjwa wa damu, umri wake miaka 16. Katika daftari lake aliandika habari za gofu lile, kwamba huenda ndilo litakalowaambia watu siku zote juu ya hofu ya bomu. Watoto waliposikia maneno hayo, wakasimama njiani kuomba saini na michango. Mwezi wa Julai 1966 baraza la mji likakubali kwamba gofu lidumishwe milele. Fedha zikachangwa, nazo zikapita kiasi kilichotakiwa. Na mwaka 1967 mafundi wakatia gundi kali katika nyufa na kuzitegemeza kuta kwa vyuma. Tangu hapo limetengenezwa mara kadhaa, na nyufa hukaguliwa kwa zamu.

Mwezi wa Desemba 1996 gofu hili liliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hapo hapakukosekana mashaka. Wajumbe wa China waliogopa kwamba watu watasahau mateso ambayo majeshi ya Japani yaliwatesa watu wa Asia. Nao Wamarekani walikataa kushiriki katika shauri lile. Hayo si maneno ya kupuuzwa. Aliyeumizwa aweza naye kuwa ameumiza wengine, na ukumbusho unaoeleza nusu ya habari si ukumbusho kamili. Lakini kosa la askari halimfanyi mtoto aliyekuwa akienda shule asubuhi ile kuwa mkosaji.

Siku hizi waliokiona kisa kile kwa macho yao wamebaki wachache, nao ni wazee sana. Watakapokwisha wote, mashahidi watakuwa matofali yale na mifupa ile ya chuma. Ndiyo maana nyufa zazibwa. Nasi tuna magomvi yetu, ya koo na ya mipaka ya mashamba, na mara nyingi twawarithisha watoto wetu hasira tu, bila kuwaonyesha hasara. Afadhali tufanye kama watu wa Hiroshima: tuwaonyeshe mahali palipoungua, tuwaambie ukweli wote, hata ule unaotuhukumu sisi wenyewe.