Majini katika Senema za Uturuki

Mwaka 1953, Mehmet Muhtar alipomtoa Drakula katika ngome yake ya Ulaya akamleta Istanbul kwa filamu ya Drakula İstanbul'da, ilimlazimu kwanza aamue mfu yule atazuiliwa kwa silaha gani, ilhali msalaba hauna hukumu katika nyumba ya Mwislamu. Msalaba ukaachwa, kikabaki kitunguu thaumu. Na mfu mwenyewe akabaki mgeni aliyevishwa nguo za wenyeji. Metin Erksan naye, ambaye mwaka 1964 alipata Dubu wa Dhahabu mjini Berlin, akapita njia hiyo hiyo katika Şeytan ya mwaka 1974, iliyofuata The Exorcist ya Wamarekani karibu tukio kwa tukio, kasisi akiwekwa kando na maji ya Zamzam yakishika mahali pa maji ya baraka ya kanisani. Kisha, kwa takriban miaka 30, filamu za kutisha zikawa adimu.

Aliyeleta mageuzi ni Hasan Karacadağ, aliyesomea senema huko Japani. Filamu yake D@bbe, ya mwaka 2006, imeathiriwa waziwazi na filamu ya Kairo ya Kiyoshi Kurosawa, ambamo mizuka huwaingilia walio hai kwa njia ya intaneti. Lakini mizuka ile hakuichukua, bali aliweka majini mahali pake, akarejea Surat An-Naml, aya ya 82, inayomtaja mnyama atakayetolewa ardhini awasemeze watu, akathubutu kudai kwamba mtandao huu uliotanda dunia nzima, unaosema na kila mja chumbani mwake usiku wa manane, ndio mnyama yule. Sidhani kwamba mfasiri yeyote mwenye ilimu atairidhia tafsiri hiyo, wala mimi siiridhii. Hata hivyo, kwa upande wa sanaa alipata jambo kubwa ambalo waliomtangulia hawakulipata, kwani mtazamaji wake alikuwa amekwisha kuamini kuwapo kwa majini kabla hajakata tikiti, na kilichobaki ni kumwonyesha kwamba tarakilishi yake haimkingi nao.

Nguvu ya fikira hiyo inadhihirika zaidi katika Dabbe: Cin Çarpması ya mwaka 2013. Bibi harusi anapagawa usiku wa hina, akamwua mchumba wake. Rafiki yake, daktari wa maradhi ya akili, anafuatana na mzungua majini hadi kijijini, kamera mkononi, akitaka kila tendo la mzungua huyo lirekodiwe lichunguzwe kitaalamu. Lakini kadiri anavyorekodi ndivyo elimu yake inavyozidi kukosa la kusema, na chombo alichokichukua kiwe shahidi wake kinashuhudia yale yale aliyokuja kuyakanusha. Kwangu mimi, hapo Karacadağ alifika mbali kuliko alipofika katika D@bbe.

Alper Mestçi, aliyekwisha kutoa Musallat mwaka 2007, naye alichukua jina la Siccin, filamu yake ya mwaka 2014, kutoka Surat Al-Mutaffifin. Ila yeye alielekea kwenye uchawi wanaofanyiana jamaa, akamwachia Karacadağ habari za mitambo.