Uwanja Wenye Upande

Besiboli huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Mpigaji akiupiga mpira hukimbilia kituo cha kwanza, kilicho kuliani kwake anapoutazama uwanja, kisha cha pili, cha tatu, hadi arudi nyumbani alikoanzia. Ni kanuni ndogo, lakini kwa zaidi ya karne moja imeamua mkono upi una thamani, na katika kazi ipi.

Tumtazame Babe Ruth. Mwaka 1902, akiwa na miaka 7, alipelekwa St. Mary's, shule ya Kikatoliki mjini Baltimore iliyolea mayatima na watoto watukutu. Alikuwa mashoto. Akafundishwa kuandika kwa mkono wa kulia, na akaendelea kuandika hivyo hata ukubwani. Kwetu si jambo geni: lugha yenyewe imeuita mkono huo wa kulia, yaani wa kulia chakula, na wengi tumeona mtoto akikemewa kwa kunyoosha ule mwingine.

Uwanjani hali ilikuwa tofauti. Ruth alipangwa kuwa mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mpigaji. Glavu iliyokuwepo ilivaliwa mkono wa kushoto, kwa kuwa ilishonewa wanaorusha kwa kulia. Basi aliudaka mpira kwa glavu hiyo, akaivua haraka, akarusha kwa mkono uleule. Mwaka 1914 alifika Boston Red Sox kama mrushaji. Alipostaafu mwaka 1935 alikuwa na mapigo 714 ya kuzunguka vituo vyote.

Mashoto anapopiga husimama hatua moja au mbili karibu zaidi na kituo cha kwanza, na nguvu ya pigo humgeuza kuelekea hukohuko. Tena warushaji wengi hutumia mkono wa kulia, na mpira wao unaopinda humjia badala ya kumkimbia. Ndiyo maana Ty Cobb na Ted Williams, waliorusha kwa kulia, walipiga kwa upande wa mashoto. Mwaka huohuo wa 1914, kocha George Stallings wa Boston Braves aliwabadilisha wachezaji wake wa nyuma kulingana na mkono wa mrushaji pinzani, na timu iliyokuwa mkiani mwezi Julai ikatwaa ubingwa.

Lakini kanuni hiyohiyo hufunga milango. Anayelinda kati ya kituo cha pili na cha tatu, akiwa mashoto, lazima ageuze mwili kwanza ndipo arushe kituo cha kwanza. Kufumba na kufumbua, mkimbiaji keshafika. Hapo jiometri inatosha kuwa sababu.

Kwa mdakaji haitoshi. Jack Clements, mashoto, alidaka zaidi ya mechi 1,000 kabla ya karne ya 19 kwisha. Lakini Benny Distefano, mashoto pia, alipodaka mechi 3 za Pittsburgh mwaka 1989, alionekana kama kioja. Uwanja haukuwa umebadili mwelekeo katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni mazoea: mtoto mashoto hapewi glavu ya kudakia, kwa hiyo hajifunzi kudaka, kisha tunasema mashoto hawadaki. Mazoea hupenda kujificha nyuma ya jiometri, na kazi ya mwanahistoria ni kuuliza ukuta unaishia wapi na pazia linaanzia wapi.