Gari la Foto katika Vita vya Krimea

Mwezi wa Machi 1855 Mwingereza mmoja, jina lake Roger Fenton, alishuka melini katika bandari ya Balaklava, nchi ya Krimea. Waingereza, Wafaransa na Waturuki walikuwa huko wakipigana na Warusi, nao walikuwa wameuzingira mji wa Sevastopol. Fenton hakuwa askari. Alileta gari la farasi ambalo zamani lilikuwa la mwuza divai, na ndani yake alikuwa amefanya chumba cha giza cha kutengenezea foto.

Siku zile kupiga foto kulikuwa kazi ya jasho. Alipaka dawa juu ya kioo, akakitia katika sanduku dawa ingali mbichi, akapiga, akarudi mbio garini kabla haijakauka. Jua lilipokuwa kali, gari likawa kama tanuru. Tena watu iliwapasa kukaa kimya kwa sekunde kadhaa, wasitikisike. Basi mapigano yenyewe hayakuweza kupigwa. Fenton akapiga yaliyobaki, ndiyo maisha ya kila siku: askari mbele ya hema zao, wapishi jikoni, farasi, bandari iliyojaa meli, vibarua wa Kitatari wakitengeneza barabara, hata mwanamke Mfaransa mwenye mavazi ya jeshi, aliyewauzia askari vinywaji. Foto zaidi ya 300 kwa miezi michache!

Wengi wamemlaumu, kwa sababu katika foto hizo zote hamna maiti hata mmoja. Lawama hiyo si bure. Katika barua zake yeye mwenyewe aliandika kwamba aliona mifupa ya watu waliozikwa nusu tu. Aliona, asipige. Lakini mtu aliyemtuma, Thomas Agnew wa Manchester, alikuwa mfanya biashara ya picha. Na nani angenunua maiti apate kumtundika sebuleni? Foto moja inaonyesha askari mwenye jeraha akinyweshwa na yule mwanamke. Walipangwa tu, damu hakuna.

Foto inayosifiwa kupita zote ni ya bonde moja kavu ambalo askari waliliita Bonde la Uvuli wa Mauti, kwa kufuata Zaburi ya 22 (wengine huihesabu ya 23). Zipo mbili, zilizopigwa mahali pale pale. Katika moja matufe ya mizinga yamelala kando. Katika nyingine yametapakaa barabarani. Waliozilinganisha, wakitazama vijiwe vilivyoporomoka, wameona kwamba barabara tupu ndiyo ya kwanza. Basi matufe yalisogezwa kwa mikono. Mimi siwezi kumwita mwongo kabisa: mizinga ya Warusi ilipiga kweli pale, na Fenton alisimama katika hatari. Lakini angalituambia.

Alirudi kwao mwaka ule ule, mgonjwa wa kipindupindu. Mwaka 1862 aliacha foto, akashika tena kazi ya sheria. Katika ile foto ya bonde hamna mtu, wala farasi, wala jani.